Diski Mbili, Begi Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Nywila Iliyokisika

Mhasibu anayeshughulikia mishahara katika taasisi ndogo aliacha begi kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kioo kikavunjwa, begi likaondoka. Ndani mlikuwa na kompyuta mpakato ya kazi, diski ya nje ya nakala rudufu, chaja, shajara, na kadi ya kliniki ya mtoto wake wa pili. Simu alikuwa nayo mkononi. Kompyuta haikuwa imezimwa. Alikuwa ameifunika tu alipotoka kazini, kama watu wengi wanavyofanya jioni, nayo ikalala yenyewe.

Alinipigia akiwa bado amesimama kando ya gari. "Kaka, wameondoka na mashine. Lakini diski zote mbili zina nywila, kwa hiyo mishahara ya watu iko salama, siyo?"

"Pole sana, dada," nikamwambia. "Hilo siwezi kulijibu mpaka uniambie kwanza, kwa kila diski, nywila yake umeiweka wapi."

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu swali la yule dada ndilo ninaloulizwa kila mara, na jibu la "ndiyo, ina nywila" lingewaumiza watu wasiokuwa na habari yoyote: wafanyakazi ambao majina yao, namba zao za akaunti za benki na viwango vya mishahara yao vilikuwa humo. Usimbaji wa diski wa siku hizi, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo, ni imara mno kiasi kwamba karibu hakuna anayehangaika kuuvunja. Mwizi mwenye nia anaufuata ufunguo huko ulikowekwa: kwenye kumbukumbu ya mashine, kwenye waya wa ubao, kwenye karatasi, kwenye faili, au kwenye kichwa cha mtu aliyechagua nywila inayokisika. Ukitaka kujua kama diski iliyoibiwa iko salama, ufuatilie ufunguo wake ulipopita tangu siku ulipotengenezwa.

Nywila ipi hasa?

Nilipomuuliza nywila anayoizungumzia ni ipi, alitaja ile ya kuingilia Windows. Hiyo peke yake hailindi diski. Mwizi anafungua skrubu chache, anaitoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta yake kama diski ya pili, na mafaili yote yanajipanga mbele yake bila kuulizwa chochote.

Kuna nyingine ambayo watu huiamini kupita kiasi: nywila ya diski inayowekwa kwenye BIOS, programu ndogo inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows. Inakaa ndani ya diski yenyewe, ina nafasi ya baiti 32, na kazi yake ni kuifanya diski ikatae kusomwa mpaka nywila itolewe. Kwenye diski ya kawaida data iliyomo haijasimbwa hata kidogo, ni mlango tu umefungwa, na mafundi wa kuokoa data wana njia za kuupita. Hata kwenye diski zinazojisimba zenyewe mambo hayakuwa mazuri. Mwaka 2018 Carlo Meijer na Bernard van Gastel wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba baadhi ya diski za SSD za Crucial na Samsung ziliweza kufunguliwa bila nywila, kwa sababu ufunguo wa data haukuwa umefungamanishwa na nywila ya mtumiaji ipasavyo. Kibaya zaidi, BitLocker, programu ya usimbaji ya Windows, wakati huo ilikuwa ikiona diski inajisimba, inaiachia kazi hiyo. Mwaka uliofuata Microsoft ilibadili utaratibu huo, BitLocker ikawa inasimba yenyewe.

Bahati nzuri mhasibu wetu alikuwa amewasha BitLocker kwenye kompyuta, na baadaye akaiwasha kwenye diski ya nje pia. Hapo ndipo uchambuzi ulipoanza kuwa na maana.

Kompyuta iliyolala

BitLocker yake ilikuwa imewekwa kama inavyokuja: ufunguo unatunzwa na chipu ya TPM iliyo kwenye ubao mama. Kompyuta ikiwashwa, chipu inakagua kama mfumo wa kuwaka haujachezewa, ikiridhika inautoa ufunguo, Windows inapanda mpaka kwenye skrini ya kuingia. Mtumiaji hajaandika kitu, lakini ufunguo tayari umeshatoka kwenye chipu. Utaratibu huu unamzuia mwizi anayeitoa diski na kuipeleka kwenye mashine nyingine. Aliyeiba mashine nzima, hata hivyo, ameiba diski na chipu yake kwa pamoja.

Kwenye kompyuta ambazo TPM ni chipu ya peke yake iliyounganishwa na kichakataji (ubongo wa kompyuta) kwa njia za waya kwenye ubao, ufunguo unapita kwenye waya huo bila kufichwa. Denis Andzakovic alilionyesha hilo mwaka 2019. Februari 2024 mtafiti anayejulikana mtandaoni kwa jina la stacksmashing alirekodi video akiuchukua ufunguo kwa sekunde 43, akitumia kifaa alichokiunda kwa ubao mdogo wa kielektroniki wa Raspberry Pi Pico kwa gharama isiyofika dola 10 za Kimarekani. Kwenye kompyuta nyingi mpya TPM iko ndani ya kichakataji chenyewe, kwa hiyo hakuna waya wa nje wa kusikilizia. Ya mhasibu ilikuwa ya zamani, yenye chipu ya pembeni.

Halafu kuna suala la usingizi. Kompyuta iliyolala inaendelea kuipa umeme RAM, yaani kumbukumbu yake ya muda, na ndani ya RAM mna ufunguo wa diski, uko wazi kabisa, kwa sababu Windows inauhitaji kila inaposoma faili. Watu wengi hudhani umeme ukikatika RAM inafutika papo hapo. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Princeton walithibitisha vinginevyo. Waligeuza juu chini kopo la hewa ya kusafishia vumbi, wakazipulizia chipu za RAM mpaka zikafika kama nyuzi 50 chini ya sifuri, wakazichomoa. Dakika kumi baadaye, bila umeme wowote, chini ya asilimia 1 ya biti (zile 0 na 1 zinazounda data) ndizo zilizokuwa zimeharibika. Kwa njia hiyo walizifungua BitLocker, FileVault, dm-crypt na TrueCrypt, zote zikiwa ni programu nzuri za usimbaji. Watengenezaji wakaongeza kinga ya kufuta RAM wakati wa kuwaka, lakini mwaka 2018 Olle Segerdahl na Pasi Saarinen wa kampuni ya usalama ya F-Secure wakaipita kwenye kompyuta za kisasa.

Je, mtu anayevunja vioo vya magari anatembea na kopo la hewa baridi na kifaa cha kusikilizia waya? Siamini. Wizi wa namna hii kwa kawaida unaishia kwa mnunuzi anayefuta kila kitu na kuiuza mashine. Nilimwambia mhasibu hivyo waziwazi, maana hofu ya bure nayo inaumiza. Kama kisa kingekuwa cha kompyuta peke yake, ningesema hatari ipo ila ni ndogo, inategemea kama mashine itaangukia mikononi mwa fundi mwenye ujuzi na nia mbaya. Lakini begi lilikuwa na diski ya pili.

Diski ya nje, na faili ndogo iliyoachwa humo

Hapa nilitaka kila kitu, neno kwa neno, na nashukuru hakunificha. Alipokuwa akiwasha BitLocker kwenye kompyuta, Windows ilimtaka ahifadhi ufunguo wa kurejesha: tarakimu 48 zinazofungua diski pale chipu inapokataa. Windows haikubali uwekwe kwenye diski ileile inayosimbwa. Diski ya nje ilikuwa imechomekwa, wakati huo haijasimbwa bado, akauhifadhi humo kama faili ya maandishi. Siku nyingine akaisimba na diski ya nje, akaipa nywila yake, na karatasi ya ufunguo wake wa kurejesha akaifungia kwenye droo ya ofisini. Hiyo karatasi aliiweka mahali pazuri kabisa. Ile faili akaisahau.

Kisha, ili asiandike nywila kila asubuhi, aliiambia kompyuta iwe inaifungua diski ya nje yenyewe.

Tazama sasa picha yake. Anayefanikiwa kuingia kwenye kompyuta anaipata diski ya nje bila jasho, kwa sababu kompyuta inaujua ufunguo wake. Anayefanikiwa kuifungua diski ya nje anakuta faili yenye tarakimu 48, anazichapa kwenye kompyuta, na kompyuta inafunguka bila kopo la hewa wala waya. Vyote viwili vimo kwenye begi moja. Diski hizi zilionekana kuwa na kinga mbili, kumbe ulinzi wote ulikuwa sawa na ule wa nywila dhaifu zaidi.

Nywila ya diski ya nje ilikuwa jina la mtoto wa pili likianza kwa herufi kubwa, mwaka aliozaliwa, na alama ya mshangao mwishoni. Na kadi ya kliniki yenye jina hilo na tarehe hiyo ilikuwa kwenye mfuko wa mbele wa begi.

Alinyamaza aliponiambia hivyo. Nilimwambia, na narudia hapa, kwamba hakuna wa kumlaumu. Windows iliikubali nywila hiyo bila neno: ilikuwa na herufi zaidi ya 8, kubwa na ndogo, tarakimu na alama. Ilitimiza kila kanuni ambayo fomu nyingi zinaidai. Kanuni hizo hazipimi kama nywila inakisika.

Hesabu ya kukisia

Tuifanye hesabu, maana ndiyo iliyoamua hatua zote zilizofuata. BitLocker inajitahidi kumchelewesha mkisiaji: nywila inayoandikwa inapitishwa kwenye hesabu isiyorudishika nyuma iitwayo SHA-256 mara 1,048,576 kabla haijajaribiwa. Kwa mtumiaji hiyo ni kitambo kifupi cha kusubiri. Kwa mkisiaji inarudiwa kwa kila jaribio. Lakini diski ya nje haina chipu ya kuhesabu makosa na kumfungia nje. Anainakili, anakaa nayo, anakisia anavyotaka, na programu za kazi hiyo zinapatikana bure.

Tuchukulie ana kadi moja ya michoro, kifaa cha kompyuta chenye kasi kubwa ya hesabu, inayojaribu nywila 1,000 kwa sekunde. Hajaiona kadi ya kliniki, anajua tu kwamba watu hupenda majina na miaka. Anachukua majina 10,000, miaka 60, na namna 20 za kuandika: herufi kubwa, herufi ndogo, mshangao mwishoni, nukta mwishoni. Hayo ni majaribio milioni 12, nayo yanamalizika kwa saa tatu na dakika ishirini. Akiwa na kadi ya kliniki mkononi hahitaji programu, anaketi na kujaribu kwa vidole.

Linganisha na ufunguo wa kurejesha. Umegawanywa katika mafungu manane ya tarakimu sita, na kila fungu linagawanyika kwa 11 bila baki, ndiyo maana Windows inakwambia umekosea fungu lipi hata kabla hujafika mwisho. Kila fungu limebeba biti 16, jumla biti 128. Hakuna kadi wala mkusanyiko wa kadi utakaoukisia. Ufunguo wa namna hiyo hupatikana kwa kuibiwa tu, na huyu aliyeiba begi alikuwa ameuiba tayari, ukiwa umefungiwa nyuma ya jina la mtoto.

Ufunguo unaweza pia kuvuja bila mwenyewe kukosea. Mwaka 2017 toleo la High Sierra la kompyuta za Apple lilikuwa na kasoro: ukitengeneza sehemu iliyosimbwa na kuweka kidokezo cha kukukumbusha nywila, mfumo ulihifadhi nywila yenyewe mahali pa kidokezo, na aliyebonyeza kitufe cha kuonyesha kidokezo aliiona nzima. Apple ilitoa marekebisho Oktoba mwaka huohuo. Aliyekuwa na nywila bora kabisa duniani hakupata nafuu yoyote.

Tuliamua nini

Mkuu wa taasisi alitaka tuandike kwamba data ilikuwa imesimbwa na kufunga jalada. Namwelewa. Sheria nyingi za ulinzi wa data zinatoa nafuu hiyo. Ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, kwa mfano, inataka mamlaka ijulishwe ndani ya saa 72 pale watu wanapoweza kudhurika, lakini haikulazimishi kumwandikia kila mhusika endapo data haiwezi kusomeka kwa asiye na ruhusa. Taasisi hii ilikuwa chini ya wajibu wa aina hiyo.

Nilipinga, na bado naona nilikuwa na haki ya kupinga. Maneno "haiwezi kusomeka" yana uzito. Diski ambayo nywila yake iko kwenye kadi iliyoibiwa pamoja nayo inasomeka. Kuandika vinginevyo ni kuwaficha wafanyakazi jambo ambalo wao ndio watakaolibeba: tapeli anayekupigia simu akiujua mshahara wako mpaka senti ya mwisho, na namba ya akaunti yako, ana nusu ya kazi yake imekwisha. Mkuu alisoma hesabu ile ya saa tatu na dakika ishirini mara mbili, akakubali. Mamlaka ikajulishwa, na wafanyakazi wakaambiwa siku ileile kilichopotea ni nini, bila kupunguza, na kwamba asiaminiwe mtu yeyote atakayepiga simu akijitambulisha kwa kutaja mshahara.

Hatua za kiufundi zilitangulia hapo, kwenye saa ya kwanza. Kwa kutumia simu yake, mhasibu alibadilisha nywila ya baruapepe na ya akaunti ya Microsoft, akafunga vikao vyote vilivyokuwa wazi kwenye vifaa vingine. Akaunti hiyo ilikuja mwanzo kwa sababu nakala nyingine ya ufunguo wa kurejesha wa kompyuta ilikuwa imehifadhiwa humo, kama inavyotokea kwa watumiaji wengi wa Windows bila wao kujua. Anayeingia kwenye akaunti anaukuta. Baada ya hapo zikafuata nywila zote zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kivinjari, tukianza na za benki na mfumo wa mishahara.

Katikati ya kazi hiyo aliniuliza kama tunaweza kuibadilisha nywila ya diski ya nje kwa mbali. Haiwezekani, na kuna jambo hapa ambalo hata mafundi hulikosea. Nywila haisimbi data yenyewe. Data inasimbwa kwa ufunguo mmoja mkuu unaotengenezwa mara moja, na nywila inafunika ufunguo huo kama bahasha. Ukibadilisha nywila unabadilisha bahasha tu, ufunguo wa ndani unabaki uleule. Kwa hiyo mwenye nakala ya diski ya jana na nywila ya jana anaupata ufunguo mkuu, na ufunguo huo unafungua hata diski ya leo yenye nywila mpya. Watumiaji wa Linux nao wako hapohapo: LUKS, mfumo wao wa usimbaji, inaruhusu nywila kadhaa kwa diski moja, na ukiwa ulishahifadhi nakala ya kichwa cha diski (sehemu inayotunza bahasha hizo) mahali, nywila uliyoifuta bado inafanya kazi kwenye nakala hiyo. Nywila ikishashukiwa kuvuja, diski isimbwe upya kwa ufunguo mpya.

Hilo lilituhusu moja kwa moja, kwa sababu kabatini ofisini kulikuwa na diski nyingine ya nje, ya akiba, yenye nywila ileile ya mtoto.

Kompyuta inarudi

Baadaye kompyuta ikapatikana. Mtu aliikuta imetupwa, ndani ya begi pamoja na shajara tu, akaipeleka kituoni, kisha ikarudishwa kwa mwenyewe. Diski ya nje haikuwemo. Kadi ya kliniki pia haikuwemo.

Mhasibu aliiwasha mara alipoipokea, kwa furaha ambayo kila mmoja angekuwa nayo. Badala ya skrini ya kuingia, ikatokea skrini ya bluu ya BitLocker ikimtaka tarakimu 48. Alikuwa na simu mkononi, ameshauona ufunguo kwenye akaunti yake, ameshachapa fungu la kwanza, ndipo akakumbuka kunipigia.

"Usichape zaidi, dada. Izime. Shikilia kitufe mpaka izime kabisa."

BitLocker huuliza ufunguo wa kurejesha pale chipu inapoona kitu kimebadilika katika namna kompyuta inavyowaka: mpangilio wa BIOS umeguswa, mpangilio wa vifaa vya kuwashia umebadilishwa, au kinga ya kuwaka imezimwa. Kwa hiyo skrini ile ilitueleza kwamba huenda mtu alijaribu kuiwasha kwa flashi. Hilo linaweza kuwa ni fundi aliyetaka kuifuta na kuiuza, akashindwa. Lakini linaweza pia kuwa mtego, na mtego huu una historia. Oktoba 2009 Joanna Rutkowska alionyesha shambulio alilolipa jina la mjakazi mwovu: mtu anayeachwa na kompyuta yako iliyozimwa kwa dakika chache anaiwasha kwa flashi, anapandikiza programu ndogo kwenye sehemu ya kuwaka ambayo haijasimbwa, anaondoka. Mwenyewe anarudi, anaandika nywila ya TrueCrypt kama kawaida, na programu ile inainakili. Data iliyosimbwa haikuguswa na usimbaji haukuvunjwa. Mwenye diski ameutoa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye BitLocker, kuna kitu rahisi kuliko kutengeneza skrini ya bluu ya bandia inayoomba tarakimu 48?

Ndiyo maana kompyuta iliyotoka mikononi mwa mtu usiyemjua haiandikiwi nywila yoyote, ya diski wala ya kitu kingine, hata ikiwa imerudi safi na bila mkwaruzo. Tulitoa diski yake, tukaichomeka kama diski ya pili kwenye kompyuta nyingine tunayoiamini, tukaifungua huko kwa ufunguo wa kurejesha, tukachukua hati tu: majedwali, barua, picha za skani. Programu hatukuchukua hata moja. Diski ikafutwa. Mashine yenyewe hatukuirudisha kwenye kazi ya mishahara, kwa kuwa aliyeweza kugusa mpangilio wake wa kuwaka angeweza kuacha kitu ndani ya BIOS ambacho kufuta diski hakukiondoi. Wengine wataona huo ni ubadhirifu. Kwa kompyuta ya kuchezea watoto ningekubaliana nao.

Namna mambo yalivyopangwa upya

Kompyuta mpya ina BitLocker pia, lakini chipu haitoi ufunguo mpaka mtumiaji aandike PIN kabla Windows haijaanza kupanda. Hili halikuja lenyewe, ilibidi kwanza liruhusiwe kwenye sera za Windows Pro. Kwa mashine iliyozimwa, badiliko hili moja linaziba njia ya waya. PIN haihitaji kuwa ndefu kama nywila, kwa sababu hapa chipu ndiyo inayohesabu makosa: TPM 2.0 chini ya Windows inajifunga baada ya makosa 32, kisha inaruhusu jaribio moja kila dakika kumi. PIN ya tarakimu sita ina uwezekano milioni moja. Kwa mwendo huo, kuimaliza yote kunachukua karibu miaka 19. Lakini isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu, maana hiyo haitafika hata jaribio la kumi.

Kifuniko kikifungwa, mashine hailali tena. Inaandika kazi iliyo wazi kwenye diski iliyosimbwa kisha inazima kabisa, RAM inakosa umeme, na kuamka kunadai PIN. Inachukua muda kidogo zaidi asubuhi. Mhasibu alilalamika wiki ya kwanza, baadaye akazoea.

Nywila za diski za nje zilipatikana kwa dadu. Njia hii, aliyoianzisha Arnold Reinhold mwaka 1995, ni rahisi: una orodha ya maneno 7,776, unarusha dadu tano, namba inayotoka inakupa neno, unarudia mpaka yatimie sita. Mwanadamu hachagui chochote, kwa hiyo hakuna mtoto, mwaka wala mji wa kukisia. Maneno sita yanatoa michanganyiko inayozidi 2 ikifuatiwa na sifuri 23. Mkisiaji wetu wa 1,000 kwa sekunde, hata akipata kadi milioni moja badala ya moja, atahitaji mamilioni ya miaka. Na maneno sita ya kawaida yanakaririka. Mhasibu aliyaandika kwenye karatasi iliyobaki nyumbani mpaka alipoyashika, kisha akaichana. Kila diski ina maneno yake.

Funguo za kurejesha sasa ziko kwenye karatasi mbili: moja droo ya ofisini yenye kufuli, nyingine kwa mkuu wa taasisi katika jengo tofauti. Kila karatasi imeandikwa utambulisho wa diski husika, yale mafungu ya herufi na tarakimu ambayo BitLocker huyaonyesha inapoomba ufunguo, la sivyo siku ya shida hujui karatasi ipi ni ya diski ipi. Hakuna ufunguo uliohifadhiwa kwenye diski nyingine inayosafiri nayo. Kule kujifungua kwa diski ya nje kumezimwa, na diski hiyo haipandi gari moja na kompyuta.

Diski ya akiba ya kabatini ilinakiliwa yaliyomo kwenye diski mpya iliyosimbwa kwa ufunguo mpya, kisha yenyewe ikafutwa yote, sekta kwa sekta. Ile ya begini haijapatikana mpaka leo, na kwenye kumbukumbu za taasisi imeandikwa kuwa ni diski iliyofunguliwa.